Wifi ametenga vyombo vyetu kwa sababu ya mapunye

*Shikamoo Shangazi. Naishi Pasua, Moshi, nyumba moja na wifi yangu na wanawe wawili. Mwanangu wa miaka sita ana mapunye tangu masika. Nimempaka mafuta ya taa, nikampaka kitunguu saumu, mwisho nikanunua krimu duka la dawa. Muwasho ukatulia, kisha mashilingi, yale mabaka ya mviringo, yakatokea shingoni kwake na mkononi kwangu. Wifi ametenga sahani zetu na anawaambia wanawe wasicheze na mtoto wa mchafu, ingawa usiku wote watatu wanalala kitanda kimoja. Mume wangu amenyamaza. Naona aibu hata kumpeleka mtoto shule. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na lililoniuma ni hilo neno "mchafu". Naanza nalo kwa sababu ndilo linalokufanya umfiche mtoto, na siku unazomficha ndizo fangasi wanazozidi kuenea.

Mapunye hayaji kwa sababu mama ni mchafu. Ni ugonjwa wa fangasi wa kichwani, na fangasi hawa wanajilisha kwa keratini, ile protini iliyomo kwenye nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Mtoto anayeoga asubuhi na jioni anayapata vilevile, akinyolewa kwa mashine iliyotoka kwenye kichwa chenye mapunye. Wanaougua zaidi ni watoto ambao hawajabalehe.

Sasa hizo sahani. Mapunye hayaambukizwi kwa sahani wala kwa kula ugali pamoja. Yanapita kwenye kitana, taulo, kofia, mto, mashine ya kinyozi, na vichwa vinapogusana. Kwa hiyo wifi yako ametenga visivyo na hatari, halafu usiku watoto wanaweka vichwa kwenye mto mmoja. Wanawe wanaweza kuwa nayo tayari bila alama yoyote, maana kuna watoto wanaobeba fangasi kichwani wala hawawashwi.

Hiyo krimu inanitia wasiwasi zaidi ya yote. Krimu nyingi zinazouzwa kiholela zimechanganywa na steroidi. Steroidi inatuliza wekundu na muwasho kwa kuupoza mwili usipigane, kwa hiyo unaona nafuu wakati fangasi wanatanuka chini kwa chini. Ukiiacha, yanarudi mapana kuliko mwanzo. Soma maandishi ya kwenye tyubu. Ukiona bethamethasoni au klobetasoli, acha kuipaka, na uende nayo hospitali wakaione. Mafuta ya taa na kitunguu saumu navyo viache leo hii. Vinachoma ngozi, na ngozi iliyochubuka inakaribisha usaha.

Hata krimu nzuri ya fangasi peke yake isingemponya kichwa. Fangasi wameingia ndani ya unywele wenyewe hadi kwenye shina, na krimu haifiki huko. Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza. Inayotumika sana ni griseofulvini, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, na kipimo chake kinategemea uzito wa mtoto, kwa hiyo usimgawie vidonge kwa kukisia. Mpe baada ya chakula chenye mafuta, maana hapo ndipo inapoingia mwilini vizuri: maziwa, parachichi, au mtori wenye nyama ya mafuta. Wewe mwenyewe, kama una mimba, mwambie daktari kabla hujaandikiwa chochote. Shingo na mkono vinatosha kupakwa dawa ya fangasi kama klotrimazoli au mafuta ya Whitfield, na uendelee wiki moja au mbili baada ya alama kupotea. Watu wengi hukosea hapo: wanaacha siku muwasho unapokoma.

Anza kituo cha afya kilicho karibu. Wakishindwa, bahati yako uko Moshi: pale hospitali ya rufaa ya KCMC kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Ukiona kichwa kimevimba, laini kama jipu na kinatoa usaha, usisubiri wala usiruhusu mtu akipasue. Hali hiyo ikicheleweshwa, nywele huweza zisiote tena.

Nyumbani, kila mtoto awe na kitana chake na taulo lake. Vitana vya sasa vitupe, ni rahisi kuliko kuvisafisha. Shuka, foronya na kofia fua kwa maji ya moto, anika juani, na kofia za mitumba zifue kabla hazijavaliwa. Kinyozi mwambie wazi kwamba mtoto ana mapunye. Kama hasafishi mashine, mnyoe nyumbani kwa mkasi wake mwenyewe. Na kama kuna paka anayelala na watoto na amenyonyoka manyoya mahali, naye apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa paka huwapa watoto mapunye. Shule aende, mara tu dawa inapoanza.

Wifi yako amekosea kumwita mtoto hivyo, na sitamtetea. Lakini dawa haitafanya kazi bila yeye, kwa sababu mwanao akipona leo, kesho atayapata tena kwa binamu zake. Mwombe mumeo azungumze na dada yake. Hilo ni jukumu lake, na kimya chake kimekuumiza vya kutosha. Amwambie: "Jumatatu tunawapeleka watoto wote watatu wakatazamwe vichwa." Asiongeze neno la nani alimwambukiza nani, maana hakuna atakayelijua. Nawe siku hiyo mkaribishe wifi mwende pamoja, umbebee mtoto wake mdogo.

Niandikie baada ya wiki sita, mwanangu, uniambie nywele zimeanza kuota.