Wanaoanza kusoma tirazi: meno manne yatawaponza

Kila kundi jipya ni yaleyale. Kipande cha tirazi, yaani nguo ya zamani yenye mstari wa maandishi ya Kiarabu, kikifika mezani, mtu hata hajakiangalia vizuri, ameshataja mwaka. Tulieni kwanza, wadogo zangu.

1. Geuzeni kitambaa. Maandishi ya kutarizi yameshonwa juu ya nguo iliyokwisha kufumwa. Ya Wafatimi, makhalifa waliotawala Misri, mara nyingi ni mshindio (nyuzi za kukingama) wa hariri uliofumwa ndani ya mtande (nyuzi za urefu) wa kitani. Tazameni na msokoto wa uzi, unaoitwa S au Z kwa jinsi mistari yake inavyoinama: kitani cha Misri kwa kawaida ni S, pamba ya Iraki na Iran ni Z.

2. Mwaka huandikwa kwa maneno, na Kufi, mwandiko wa Kiarabu wa tirazi, kwa kawaida haina nukta. Hapa ndipo msiba. Andika سبع (saba): sini ina meno, yaani vijiti vya kusimama, matatu, ba moja, kisha ayn. Andika تسع (tisa): ta moja, sini matatu, kisha ayn. Manne kwa manne! Bila nukta, saba na tisa hufanana kabisa, na sabini na tisini vilevile. Basi mtu anajaza kadi ya kipande "395 H" (mwaka wa Hijria) bila wasiwasi, na jina la al-Aziz, khalifa wa Wafatimi, liko palepale mwanzoni mwa mstari. Al-Aziz alitawala 365–386 H, kwa hiyo ni 375. Kadi ikishakosewa, orodha inanakili kadi, na makala yananakili orodha. Makumi huokolewa na khalifa. Tarakimu ya mamoja haina mwokozi wa hakika. Al-Mutii, khalifa wa Waabbasi, alitawala 334–363 H, na 347 na 349 zote ni zake. Tafuteni jino lililoinuliwa kuliko wenzake, maana baadhi ya mafundi waliinua ba au ta ili isimezwe na sini. Mkilikosa, andikeni "347 au 349". Hakuna aibu.

3. Majina ya makhalifa wa Wafatimi nayo yana mitego. "Al-Mansur" likitanguliwa na "Nizar Abi", ni al-Aziz. Likifuatwa na "Abi Ali", ni al-Hakim au al-Amir. "Maadd Abi Tamim" nayo ni vilevile: ni al-Muizz na ni al-Mustansir pia, na kati ya kifo cha wa kwanza na kutawazwa kwa wa pili kuna miaka zaidi ya 60. Bila lakabu, yaani jina la cheo kama al-Muizz, nyamazeni. Vipande vingi vilitoka makaburini Misri, na wauzaji walikata ukanda wenye maandishi wakatupa nguo iliyobaki, hivyo lakabu huenda imekwenda na mkasi.

4. Mwaka wa Hijria kwa kawaida hugusa miaka miwili ya Miladia: 375 ni 985–986.

5. Fomula, yaani maneno ya kawaida ya maandishi hayo, mnaijua kwa moyo, najua. Herufi msizoziona ziwekeni ndani ya mabano ya mraba, hata bismillahi.