Re: Filamu fupi ya askari Milhões: simamisha kijiko, usichimbe handaki

Mkuu, mpigie mwenye kijiko (ile mashine ya kuchimba) sasa hivi, umwambie Jumamosi asije. Ukishampigia ndipo urudi usome.

Umesema uko Ureno, unatengeneza filamu ya dakika 25 kuhusu Aníbal Milhais, yule askari wa Kireno wa Vita Kuu ya Kwanza, bajeti euro 9,000, umepewa shamba la bure karibu na mto, na Jumamosi unachimba handaki la mita 40, kina mita 2. Ukauliza kamera gani, bunduki upate wapi, na Wajerumani utawaonyeshaje wakati una ekstra 12 tu. Maswali mazuri, lakini hakuna hata moja litakalokuua. Handaki ndilo litakalokuua. Mimi lilinila bajeti, na sitaki kumwona mtu mwingine akilipia shimo lilelile.

Kanuni ni moja: jenga juu, usichimbe.

Anza na historia, maana umeandika unataka "handaki halisi la La Lys", yaani la vita vya Aprili 1918 ambamo Milhais alipigana. Handaki halisi la La Lys halikuchimbwa chini kama unavyofikiri. Ule ni uwanda tambarare wa udongo wa mfinyanzi huko Flanders ya Kifaransa, upande wa Neuve-Chapelle, Laventie na Fauquissart, na maji ya ardhini yako karibu sana na uso. Ukichimba kidogo tu, shimo linakuwa kisima. Ndiyo maana Waingereza, tangu walipoishika sehemu ile, walipandisha kuta za magunia ya mchanga juu ya ardhi, na Wareno walipofika mwaka 1917 wakakabidhiwa kuta hizohizo. Asubuhi ya tarehe 9 Aprili 1918 Divisheni ya Pili ya Wareno, chini ya jenerali Gomes da Costa, ilikuwa nyuma ya maboma ya magunia, ikilinda mstari wa kilomita kama 11 na kungoja kubadilishwa siku ileile. Mizinga ya Wajerumani ilianza saa 10 na robo alfajiri ikayapasua magunia hayo. Kwa hiyo ukichimba mita 2 chini unamwaga pesa ili filamu yako iwe ya uongo zaidi.

Sasa hesabu. Mita 40 kwa upana wa mita 1.5 kwa kina cha mita 2 ni mita za ujazo 120. Udongo ukishatolewa unafura, utapata kama 150, na uzito wake unagusa tani 200. Utauweka wapi? Ukiurundika ukingoni ili upate ukingo wa mbele unaopendeza, ule uzito unasukuma ukuta uingie ndani. Kuta zilizokatwa wima na kijiko zikizidi mita 1.2 bila kukingwa kwa mbao, hazijaahidi popote kwamba zitasimama. Zinasimama asubuhi, jua linazikausha, ufa unajitokeza juu sambamba na ukingo, na jioni kipande cha mita tatu kinashuka kwa mara moja. Mita moja ya ujazo ya udongo ni zaidi ya tani moja na nusu. Mtu akifunikwa mpaka kifuani hapigi kelele, hapumui. Umekusanya vijana 12 wasiolipwa, wamevaa sufu na mikanda ya ngozi, halafu unawashusha humo. Hili silisemi kwa kutia chumvi.

Na maji. Shamba liko karibu na mto, umesema mwenyewe. Mvua ya milimita 20 ikinyesha usiku mmoja, mdomo wa handaki lako peke yake unapokea lita 1,200, kabla hujahesabu yanayotiririka kutoka shambani na yanayochuruzika kutoka kwenye kuta. Utaleta pampu. Pampu ina injini, na injini inaua sauti yote ya mazungumzo. Ukiizima maji yanarudi. Ukiiacha unaingiza sauti upya studio, na hiyo haimo kwenye euro 9,000.

Halafu kamera. Handaki la kuchimba lina upande mmoja tu wa kutazama: mbele au nyuma, kwa urefu wake. Huwezi kurudi nyuma upate uso wa mtu kwa lenzi ndefu kwa sababu mgongo wako uko kwenye udongo. Unabaki na lenzi pana inayowavimbisha watu pua. Chini kuna giza, juu kuna mbingu nyeupe, na sura ya muigizaji iko katikati ya hivyo viwili. Na jua likiwa upande usioutaka, handaki haligeuzwi. Limeshachimbwa.

Yule aliyekuambia "kijiko siku moja tu, kazi imeisha" ndiye anayenitia hasira. Kuna watu wanafundisha warsha za usanifu wa seti, wanaonyesha picha za filamu za bajeti ya mamilioni, wanasema handaki la kweli halidanganyi, wala hawatamki neno la kukinga kuta, la mifereji, la kulifukia tena mwenye shamba anapodai ardhi yake. Filamu kubwa zinapochimba, zinakuja na mhandisi, mbao za kukinga na watu wa usalama siku nzima. Wewe unapewa picha, hupewi mhandisi. Kumfundisha mwanafunzi nusu ya kazi na kuiacha ile nusu inayomwangukia kichwani ni dhuluma, na nitaendelea kulisema hili kila uzi kama huu unapofunguliwa.

Jenga hivi. Huhitaji mita 40. Mahandaki ya vita ile yalikatwa kona kila baada ya mita chache ili bomu likianguka sehemu moja lisifagie mstari wote, na kona ndiyo rafiki wa maskini, maana kamera haioni mwisho. Jenga mita 6, kona, mita 6 nyingine. Mita 12 za ukuta wa mbele, basi. Ukizipiga picha kutoka kila ncha, ukahamisha ngazi, kibao cha jina na rundo la makopo, unapata sehemu tano au sita tofauti.

Ukuta wa mbele unataka plaiwudi 10 za kawaida, za mita 1.22 kwa 2.44, zisimamishwe wima. Zipigilie kwenye nguzo za mbao za sentimita 5 kwa 10, nguzo moja kila mita 1.2, na kila nguzo iwe na tegemeo la mshazari nyuma lililofungwa kwenye kigingi kilichozama angalau sentimita 60. Usiusimamishe wima kabisa. Ulaze nyuma kidogo, kwa kila mita moja ya kwenda juu urudi sentimita 25, kwa sababu magunia yaliyopangwa wima hutoa tumbo katikati na kumwagika. Acha upana wa mita 1.2 mpaka 1.5 chini, weka vichanja vya mbao vya kukanyagia, na kidato cha kufyatulia cha sentimita 45. Milhais anasimuliwa kuwa mtu mfupi, basi pima kidato hicho na muigizaji wako akiwa amesimama juu yake, si kwa kukisia.

Magunia: gunia likijazwa robo tatu na kupigwa bapa linabaki kama sentimita 50 kwa 25 kwa 12. Kwa ukuta wa mita 12 wenye kimo cha mita 2 utapanga mistari 17, kila mstari magunia 24, jumla 408. Nunua 450. Yawe ya juti. Viroba vya plastiki vinang'aa kwenye taa na hakuna rangi inayoficha mng'ao ule. Mistari minne ya chini jaza udongo, ndiyo inayokanyagwa na kugongwa. Ya juu jaza maranda au majani makavu, vijana wako wasiumie migongo kwa kubeba kilo 20 mara mia nne. Panga kama matofali, kiungo cha juu kisikae juu ya kiungo cha chini, mdomo uliofungwa uangalie ndani, kisha pigapiga kila mstari kwa ubao mpaka ukae. Mwisho changanya udongo na maji uwe uji, urushe kwa ndoo, uache ukauke, urudie mara tatu. Mara moja haitoshi, ukuta utaonekana umeletwa jana.

Ukuta wa nyuma ndio siri yenyewe. Utengeneze kwa vipande vya mita 3, fremu nyepesi na magunia ya maranda yaliyofungwa kwa waya, vipande ambavyo watu wanne wanavinyanyua. Ukitaka uso wa Milhais, ondoa kipande, rudi nyuma mita 5, weka lenzi ndefu. Ukimaliza, kirudishe. Kwa handaki la kuchimba hilo haliwezekani hata uwe na euro 90,000.

Kuna ndugu hapo juu amekushauri urudi nyumbani ukapige filamu Mtwara, eti Wareno walipigana Ruvuma. Kweli walipigana: tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alivuka mto akaiteka kambi yao ya Negomano na kujaza tena ghala lake la silaha. Lakini hiyo ni filamu nyingine, ya joto na mapori na wapagazi waliokufa njiani. Mtu anayestahili kuitengeneza aitengeneze. Usiichome ndani ya hii.

Bunduki. Milhais alikuwa na Lewis, rashasha ambayo askari wa Kireno waliiita Luísa. Ina uzito wa kilo 12 na ushee, na risasi zake 47 zimo kwenye sahani ya duara inayokaa juu. Kwa kasi ya risasi 500 hadi 600 kwa dakika, sahani hiyo inaisha kwa takriban sekunde tano. Tano, mkuu. Muigizaji wako akishika kifyatulio sekunde kumi na mbili bila kubadilisha, kila anayeijua silaha ile ataizima filamu. Na sahani inazunguka bunduki inapofyatua, kwa hiyo nakala ya mpira yenye sahani iliyogandishwa ipige kutoka chini au kutoka nyuma ya bega tu. Iongezee vyuma ndani ifike walau kilo 9, la sivyo ataibeba kama fimbo. Usikodishe bunduki ya kweli ya kufyatua baruti tupu, isiyo na risasi. Inahitaji fundi wa silaha mwenye leseni, inataka kizibo kwenye mdomo ili gesi itoshe kuichezesha, na bado inakwama. Mwako wa mdomo wa bunduki uweke kwenye uhariri, na mwangaza wake usoni mwa muigizaji uutoe siku ya kupiga kwa taa ndogo inayomemeteka. Hata nakala za mpira waarifu GNR (polisi wa Ureno wa maeneo ya mashambani) wa eneo lako kabla, majirani wakiona watu wenye silaha shambani watapiga simu.

Ila hizo sekunde tano ndizo hadithi yako. Kikosi cha Lewis kina msaidizi wa kubadilisha sahani. Huyu alibaki peke yake akifunika Wareno na Waskoti waliokuwa wakirudi nyuma, siku ambayo maelfu ya wenzake walitekwa. Maana yake kila sekunde tano mikono yake inaacha kifyatulio, inatafuta sahani, inaivisha, na kwa muda huo wote hana silaha. Piga picha mikono ile. Usimpe kilio wala hotuba. Maneno ya kamanda wake Ferreira do Amaral, kwamba jina ni Milhais lakini thamani ni milhões, yaani mamilioni, yaache mwisho au yaache kabisa. Filamu ndefu ya 2018 juu yake ilikwenda na kurudi kati ya vita na maisha ya kijijini miaka mingi baadaye, na hilo hata wewe unaliweza: mlima na nyumba ya mawe kule Murça havidai magunia.

Mavazi, neno moja: kofia ya chuma ya Kireno ina mifuo mifuo kuanzia utosini, si laini kama ya Mwingereza. Bunduki ya kawaida mkononi mwao Ufaransa ilikuwa Lee-Enfield.

Wajerumani 12 wanatosha kwa sababu asubuhi ile ilikuwa na ukungu mzito. Mashine ya moshi peke yake nje haifai, upepo unaula. Funga kwenye mdomo wake mpira mwembamba wa plastiki wa mita 20 uliotobolewa kila nusu mita, uulaze mbele ya ukuta kukatiza uwanja, uanze dakika 40 kabla ya jua wakati hewa imetulia. Watu 12 wakitoka humo kwa mafungu matatu, wakazunguka nyuma na kutoka tena, ni kikosi.

Na kama kijiko umeshakilipia na hela hairudi, kilete kwa saa mbili tu. Kichimbe mashimo mawili ya mabomu mbele ya ukuta, kila moja upana mita 4 na kina sentimita 70, lenye miteremko kama bakuli, si kuta wima. Udongo wa mashimo hayo, kama mita za ujazo 8, unajaza magunia yote ya chini na kubaki wa kupaka. Mwambie dereva ausogeze upande utakaojengwa ukuta, msije mkaubeba kwa mikono.