Nilimwita bosi "mama" kwenye kikao

Pole sana ndugu yangu. Nimekusoma vizuri, umemwita bosi "mama" mbele ya kikao kizima, watu wakacheka, na sasa wiki ya pili hulali unairudia rudia tu kichwani. Inauma hiyo, unapiga mswaki zako inakujia ghafla hadi unafumba macho.

Ila nikwambie kitu, watu hawakuangalii kiasi hicho. Kuna utafiti wa mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani na wenzake, ulitoka mwaka 2000, walikuwa wanamvalisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwanamuziki ambayo mwenyewe anaionea aibu, halafu wanamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Waliovaa walikisia karibu nusu ya waliokuwemo wameiona ile picha, kumbe walioiona ni kama robo tu. Kila mtu mle alikuwa na yake kichwani, na hata huyo jamaa aliyecheka sana saa hizi anahangaika na meseji aliyoituma kwa mtu siye.

Kwa hiyo usiende kuomba msamaha tena, utawakumbusha walioshasahau. Bosi ukikutana naye msalimie kama siku zote, mpe kazi aliyokuagiza, basi. Na ikikujia usiku usipigane nayo, jiulize tu mara ya mwisho mwenzio kuteleza ulimi kikaoni alisema nini. Jaribu sasa hivi, utaona hukumbuki.