Sherehe ya bwawa: mwache aende, ila asitangulize kichwa

Dada, umeuliza kama umruhusu mwanao wa miaka 12 aende kwenye sherehe ya bwawa huko Mbezi Beach Jumamosi, kwa kuwa wenzake hupenda kuruka kichwa kichwa. Mimi ningemruhusu. Kichwa kutangulia ndiyo hapana.

Mabwawa mengi ya kuogelea hapa Dar maji yanaishia kifuani. Kichwa kikigonga sakafu, uzito wa mwili wote unakuja nyuma yake, na shingo ndiyo inayolipa. Mtu anaweza kupooza mikono na miguu papo hapo. Kupiga mbizi kunataka kina cha karibu mita 2.7, pungufu ya hapo aingie kwa miguu. Binamu yangu aliwahi kuibuka na paji la uso limechunika, anacheka. Mimi sikucheka.

Linalonitisha zaidi ni kuzama. Anayezama mara nyingi hapigi kelele: mdomo uko usawa wa maji, kimya, huku spika zinapiga singeli. Awepo mtu mzima mmoja asiyeshika simu, mpokezane kila robo saa.

Akigonga kichwa, msimvute mkono. Mlazeni chali majini, kichwa na shingo vinyooke na mwili, mpigie Zimamoto 114. Ila kama hapumui, mtoeni upesi, mpulizieni pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua. Ile ya kumning'iniza miguu juu amwage maji, acheni kabisa.