Pesa za manusura wa ubakaji hudaiwa mapema, kabla bajeti ya kaunti haijakauka wino

Ukiwahi kumsindikiza mtu aliyebakwa hadi hospitali ya serikali hapa Kenya, utaona kwamba kinachomkwamisha mara nyingi si daktari kukataa kumwona. Ni glavu zilizoisha. Ni maabara inayotaka risiti kwanza. Ni mnasihi anayekuja siku mbili kwa wiki, na leo si siku yake. Ni nauli ya kurudi kliniki kuchukua dawa zilizobaki. Nimefanya kazi hii ya kusindikiza huku Pwani kwa miaka kadhaa, na nimefika mahali pa kuamini kwamba haya yote ni mambo ya bajeti. Kitu kisichoandikwa kwa jina lake kwenye bajeti ya kaunti hakipo, hata kama sheria inasema kiwepo.

Na sheria inasema. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaagiza kwamba gharama za matibabu na ushauri nasaha wa manusura zibebwe na Serikali. Shida ni kwamba tangu ugatuzi uje, Serikali ina milango mingi. Hospitali ni za kaunti. Polisi wanaotoa fomu ya P3, ile daktari anayoijaza majeraha kwa ajili ya kesi, ni wa serikali kuu, na ofisi ya watoto vilevile. Nyumba salama, pale ilipo, huwa chini ya idara ya jinsia ya kaunti, ambayo aghalabu imeunganishwa na vijana, michezo na utamaduni, na mgao wake huwa miongoni mwa ile midogo. Kila mlango ukibisha, unaelekezwa mwingine. Huku saa zinakwenda: dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120.

Kwa muda mrefu pengo hilo lilizibwa na wafadhili. Wao ndio waliolipa wanasihi, wakachapisha fomu, wakanunua vifaa vya kuchukulia vielelezo. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, tuliona jinsi huduma ilivyosimama juu ya mguu mmoja. Mnasihi niliyezoea kumpigia simu usiku wowote alikuwa ameajiriwa na mradi, na mradi ulifungwa. Hospitali haikuwa na nafasi yake kwenye orodha ya mishahara. Sikuona haja ya kumlaumu muuguzi aliyebaki peke yake zamu nzima. Nilitaka kujua nani anapanga pesa, na anazipanga lini.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo. Watu wengi husubiri mikutano ya maoni ya umma inayoitishwa bajeti ikiwa mezani. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya kaunti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Wakati huo viwango vya kila idara vimeshawekwa, na ukitaka shilingi iende kwa manusura lazima uinyang'anye barabara au basari ya mtu mwingine. Mwakilishi wa wadi hatakubali. Mazungumzo yenyewe yako nyuma zaidi: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaowasilishwa kabla ya tarehe 1 Septemba, na waraka wa mikakati ya fedha, ule maofisa wanaouita CFSP, unaotakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari. Huo wa Februari ndio unaokata keki kwa idara. Kwenye vikao vyake utakuta viti vitupu, na mtu aliyekuja na karatasi mbili zilizoandikwa vizuri husikilizwa.

Sasa uombe nini? Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo tunapopoteza mara nyingi. Usiombe jengo. Wanasiasa wanapenda jengo kwa sababu linafunguliwa kwa utepe, lakini pia kuna sababu ya kihesabu: sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zinaweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kwa hiyo afisa wa fedha ataona ni rahisi kukujengea kituo kuliko kukuajiria mnasihi mmoja. Nimeingia kwenye kituo kilichopakwa rangi nzuri, chenye vitanda na kibao mlangoni, na ndani hakuna mtu. Manusura anahitaji matumizi ya kawaida: mshahara wa mnasihi na wa muuguzi aliyefunzwa, dawa, vitendanishi vya maabara, mafuta ya gari la usiku, chakula cha nyumba salama, nauli. Vitaje hivyo kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake. Ukiandika tu kwamba kaunti iimarishe vita dhidi ya dhuluma za kijinsia, utapewa maandamano ya Desemba na fulana.

Bei zisiwe za kubahatisha. Muulize mfamasia wa hospitali, muulize msimamizi wa maabara, watakwambia. Wao ndio wanaoumia vitu vikiisha. Idadi ya wanaohudumiwa iko hospitalini pia. Kila manusura hujaziwa fomu ya huduma baada ya ubakaji, iitwayo PRC au MOH 363, yenye nakala tatu: ya polisi, yake mwenyewe, na inayobaki hospitali. Omba jumla ya kila mwezi tu, bila majina, bila mtaa. Ukinyimwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Andika barua, upigiwe muhuri, ubaki na nakala. Halafu weka takwimu ya kitaifa kando ya hiyo ya hospitali yako: utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 uligundua kwamba asilimia 13 ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Karani wa bunge akiona watu waliofika hospitali ni wachache mno kulinganisha na hiyo, ataelewa kwamba wengi hawafiki.

Tafadhali usimpeleke manusura kwenye kikao akaeleze yaliyompata ili pesa zitoke. Nimeliona likifanywa na watu wenye nia njema, ukumbini kuna kamera za simu, na jirani yake ameketi safu ya tatu. Akitaka mwenyewe kusema, ameshauriwa, ameelewa, hiyo ni haki yake. Lakini hesabu ya dawa haihitaji machozi ya mtu.

Kuna njia nyingine watu hawaijui vya kutosha. Sheria ya 2023 kuhusu ufadhili wa uboreshaji wa vituo vya afya inaruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya badala ya kuyapeleka hazina ya kaunti. Bodi ya hospitali ndiyo inayopanga matumizi. Mwendee mwakilishi wa jamii kwenye bodi hiyo, umwombe fungu dogo la manusura liwekwe kwenye mpango wa kazi wa hospitali: vipimo bila malipo, na akiba ya nauli. Fungu hili haliwezi kumlipa mnasihi wa kudumu, ila linaweza kuziba tundu la leo wakati unapigania lile la Februari.

Utaambiwa kwamba serikali kuu inalishughulikia. Ni kweli kwamba mwaka 2021, kwenye kongamano la usawa wa kizazi lililofanyika Paris, Kenya iliahidi kumaliza ukatili wa kijinsia kufikia 2026 na kuweka pesa kwa kazi hiyo. Jibu kwa upole kwamba vituo vya afya vya kaunti ni jukumu la kaunti kwa Katiba, Jedwali la Nne, na kwamba mtoto aliyeletwa saa nane za usiku hataanza kutafuta wizara ya Nairobi.

Pesa zikipitishwa, kazi haijaisha. Mgao wa jinsia ni wa kwanza kuguswa bajeti ya ziada inapoletwa katikati ya mwaka. Kiasi hupunguzwa kimyakimya, na hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna aliyesoma. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila baada ya miezi mitatu na zinaonyesha idara ilipewa kiasi gani na imetumia kiasi gani. Mgawie mtu mmoja kwenye kikundi chenu kazi ya kuzisoma. Sisi tumempa mwalimu mstaafu mwenye subira ya majedwali. Akiona mgao umepungua, anatupa ukurasa na mstari, nasi tunaubeba hadi kwa mwenyekiti wa kamati ya afya kabla kikao hakijafungwa.