Re: Nihamie Detroit au ndo watu wanaikimbia?

Mkuu umeuliza kama ni akili kuhamisha familia kutoka Minneapolis kuja Detroit kisa umeona nyumba ya bei chee, na binamu yako wa Texas anakwambia huo mji ulishakufa. Mimi nakaa huku upande wa mashariki, nabeba maboksi kama wenzangu, ngoja nikwambie ninavyouona.

Hilo la kukimbia ni kweli ila sio habari ya leo. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu kama milioni 1.85, sensa ya 2020 ikakuta 639,111. Lakini wengi hawakwenda mbali aisee, walivuka tu barabara ya 8 Mile, ndo mpaka wa jiji, wakahamia kaunti za jirani, viwanda vilishaanza kusogea huko, serikali ikajenga hailwei, mikopo ya nyumba wakapendelewa wazungu, mweusi akabaki mjini, afu baada ya zile vurugu za weusi na polisi za 1967 ndo kasi ikazidi. Ukichukua Detroit na miji inayoizunguka bado kuna watu zaidi ya milioni 4. Na makadirio ya 2023 yalionyesha jiji lenyewe limeongezeka watu kidogo, mara ya kwanza tangu 1957, kwa hiyo mwambie binamu asitangaze msiba.

Shida ni kwamba mabomba, barabara na mitaro ya watu karibu milioni mbili sasa inalipiwa na laki sita na ushee, tena wengi kipato kidogo. Ndo maana jiji lilifilisika 2013 na deni la kama dola bilioni 18, kipindi hicho kama asilimia 40 ya taa za barabarani zilikuwa haziwaki. Taa ziliwekwa mpya zote ikafika 2016, hapo niwape haki yao. Ila unakamuliwa: mkazi analipa kodi ya mapato ya jiji asilimia 2.4, hiyo ni nje ya ya serikali kuu na ya jimbo. Kodi ya majengo nayo iko juu, na sikiliza hapa vizuri, usiangalie anacholipa muuzaji, maana sheria ya Michigan inabana ongezeko la mwenye nyumba wa zamani lakini nyumba ikishauzwa hesabu inapigwa upya kwa thamani ya sasa. Watu wanalia sana hapo.

Maisha yenyewe yanategemea mtaa, sio jiji. Nyumba ya pembeni yangu ilikuwa tupu, baridi ikapasua bomba, maji yakawa yanatoka dirishani yanaganda ukutani mpaka chini, siku mbili tatu mbele wakaja jamaa na pikapu mchana kweupe wakang'oa shaba yote. Baadae ikabomolewa. Sasa kuna bibi mmoja mstaafu wa kiwanda cha magari, anakata majani ya viwanja vitupu vya upande wake wote kwa mashine yake mwenyewe, na kile kinachopakana naye alikinunua kwa dola 100, jiji lina utaratibu huo kwa mwenye nyumba jirani, kapanda sukuma na nyanya, anagawa. Mitaa miwili mbele hakuna mtu kama huyo na huwezi kuamini ni mji mmoja.

Kwa raha zake, foleni hamna, paking bwerere, watoto wana uwanja, Jumamosi unaenda Eastern Market unarudi na mboga za wiki. Nyama ya halali nenda Hamtramck, kamji kalikomezwa katikati ya Detroit, Wabangladeshi na Wayemeni wamekajaza mpaka sensa ya 2020 ikakuta kamepanda kutoka elfu 22 hadi elfu 28. Bila gari lakini utateseka, jiji lina eneo kubwa na mabasi ya mjini na ya vitongoji ni mashirika mawili tofauti.

Na hapo kwenye gari ndo wengi wanapokwama. Bima ya gari ndani ya Detroit ni kati ya ghali kabisa Marekani nzima, ukivuka 8 Mile tu inashuka. Kwa hiyo chukua namba ya posta ya hiyo nyumba uombe bei ya bima ya magari yenu yote kabla hujaweka hata senti, ikizidi rejesho la nyumba tafuta mtaa mwingine.