Usilipe kwa "ton" kabla hujaambiwa ni ton ya nini

Mkuu, usilipe Ijumaa. Umeuliza mambo manne: neno "ton" limetoka wapi, linatofautianaje na "tonne", Mzungu akisema "tons of" anamaanisha nini, halafu mwisho kabisa ukadondosha kwamba umepata pamba ya kujazia mito huko Marekani, "two tons", na nauli ya meli hadi Dar umetajiwa "per ton". Hayo mengine yote yangesubiri. Hilo la mwisho ndilo lenye hela yako.

Na wewe mdau wa juu uliyemjibu "tani ni kilo 1,000, hata mtoto wa darasa la tano anajua", ndugu yangu, sentensi hiyo hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mimi pia nilikuwa najua. Shuleni tuliimba kwa sauti, mwalimu anagonga meza.

Nilinunua Uingereza viti vya watoto vya kwenye gari na beseni za kuogeshea vichanga, duka linafunga, bei ya kutupa. Katoni 52, jumla kilo 640. Kijana wa ofisi ya usafirishaji, tai shingoni na tabasamu la kuuza, akaniambia nauli ni dola 85 "per ton". Nikatoa simu nikazidisha palepale mbele yake: 0.64 mara 85, dola 54 na senti kidogo. Akaniona nazidisha. Akaniona nafurahi. Hakusema neno! Aliongeza tu kwamba kuna kiwango cha chini cha tani moja, nikasema sawa, 85 si mbaya, nikatoka pale najiona Bakhresa.

Ankara ilipokuja ilikuwa dola 663.

Nikapiga simu nikiwa nimewaka, nikidhani wamekosea mkato wa desimali. Kijana yuleyule akanielekeza, kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, niangalie mstari wa tatu. Pameandikwa "7.800 W/M". Hiyo W/M ni "weight or measure", uzito au ujazo, na wanachukua ule ulio mkubwa. Kwenye meli, kwa mzigo wa kuchangia kontena, tani moja ni kilo 1,000 au mita moja ya ujazo. Katoni yangu ilikuwa sentimita 60 kwa 50 kwa 50. Fanya hesabu: 0.6 × 0.5 × 0.5 ni 0.15. Mara 52, unapata 7.8. Kwa mizani nilikuwa na tani 0.64, kwa macho ya meli nilikuwa na tani karibu nane za hewa iliyozungukwa na plastiki.

Na haikuishia hapo, maana nauli ikipanda inavuta na wenzake. Ushuru wa forodha kwetu unapigwa kwenye thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli hadi bandarini, kwa hiyo TRA nao wakapata chao juu ya hewa ile. Gharama za bandari kavu, W/M hiyo hiyo. Wakati nazunguka kutafuta pesa ya kukomboa, tozo ya kuhifadhi inapanda kila siku. Nilipomaliza, beseni moja lilikuwa linanidai bei ambayo hakuna mama Tandika angeilipa bila kunitukana. Ndiyo maana kwenye ukoo wetu mtoto akizaliwa watu wanajua kabisa Uncle analeta nini. Nimekuwa na jina zuri sana wodi za wazazi.

Kijana yule hakunidanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma. Alijua nimeelewa vibaya, akaacha nielewe vibaya.

Sasa kuhusu asili ya neno, ambayo uliiuliza, ndiyo inayoeleza kwa nini wanaruhusiwa kukufanyia hivi. Tani haikuanza kama uzito. Ilikuwa pipa. Kiingereza cha kale kilikuwa na "tunne", pipa kubwa la kilevi, na meli zilizobeba mvinyo kutoka Bordeaux kwenda Uingereza zama hizo zilihesabiwa kwa mapipa zinayoweza kumeza. Pipa moja, "tun", lilikuwa galoni 252 za mvinyo, yaani kama lita 954. Mfalme naye alitoza kodi kwa kila pipa. Pipa linachukua nafasi na lina uzito kwa wakati mmoja, ndipo neno likagawanyika njia mbili, na wenye meli wakabaki na zote mbili mfukoni. Zamani tani yao ya nafasi ilikuwa futi za ujazo 40, leo ni mita moja. Hata ukisikia meli ina "gross tonnage" 50,000 usidhani imepandishwa mizani, hicho ni kipimo cha ukubwa wa ndani yake.

Babu zetu wa karafuu walikuwa na frasila, takriban ratili 35 (ratili ni ile inayoandikwa lb), na ilikuwa uzito tu.

Hapo ni nauli. Kwenye kununua kuna mtego wa pili. Mmarekani akiandika "ton" bila maelezo, kwa kawaida ana maana ya ratili 2,000, ambazo ni kilo 907. Ya Mwingereza wa zamani ni ratili 2,240, kilo 1,016, kwa sababu kipimo chao cha "hundredweight", chenye jina la mia, ndani kina ratili 112, na tani ni ishirini za hizo. Wizi wa majina huu! Mmarekani akaona huu upuuzi, akarudisha mia iwe mia. "Tonne" ya mwisho wa -ne ndiyo ile ya shuleni, kilo 1,000. Kwa hiyo "two tons" zako huenda ni kilo 1,814. Umeshapoteza kilo 186 za pamba kabla haijaondoka ghalani. Hata fundi wa AC akikwambia mashine ni "tani moja" anazungumzia tani ya Mmarekani: nguvu ya kuyeyusha ratili 2,000 za barafu kwa saa 24, ndiyo hiyo BTU 12,000 kwa saa (kipimo cha joto) iliyobandikwa kwenye boksi.

Na pamba, mkuu! Umechagua bidhaa nyepesi na nene kuliko zote. Kama haijashindiliwa kwa mashine kwenye marobota, hiyo nauli "per ton" itakufanya ukumbuke viti vyangu kwa heshima.

Leo hii hii waandikie watu wawili. Muuzaji: kilo ngapi kamili, kwa kilo, si "tons". Wakala: bei ni kwa kilo 1,000 au kwa mita ya ujazo, na jumla ya W/M ya mzigo wangu ni ngapi. Waambie wajibu kwa maandishi. Wakikupigia simu badala ya kuandika, usipokee, waambie uko msibani. Mtu asiyetaka kuandika namba anajua namba.

Ukishapata vipimo vya robota moja (urefu, upana, kimo) na idadi ya marobota, viweke hapa hapa kwenye uzi kabla ya Ijumaa, nitakupigia hesabu mwenyewe. Beseni lipo pia, kama kuna mgeni nyumbani.